Namna ya Kujua Kama Diski Mbili ni Nakala Sawasawa

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu, Maskati na Unguja, zimo sidii na dividii zenye harusi, maulidi na sauti za wazee waliotangulia mbele ya haki. Diski zilizochomwa nyumbani huharibika kwa joto, jua na mikwaruzo, kwa hivyo watu huzinakili. Kosa hutokea hapo: nakala hutazamwa dakika mbili, kisha asili hutupwa.

Ushahidi usiotosha

Faili mbili zikitofautiana ukubwa, hata kwa baiti moja, hazifanani. Lakini jina moja na ukubwa mmoja havithibitishi kitu, kwani yaliyomo ndani yanaweza kuwa mbalimbali.

Kulinganisha baiti kwa baiti

Zamani ofisini, karani mmoja aliisoma kwa sauti nakala iliyopigwa taipu, mwenziwe akaifuata asili kwa kidole. Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Nakili faili za kila diski katika folda yake, kisha utumie amri ya fc /b kwenye Windows, au cmp kwenye Linux.

Alama ya hesabu

Njia nyepesi zaidi ni SHA-256. Programu huisoma faili yote na kutoa alama ya tarakimu na herufi 64. Ikibadilika baiti moja tu, alama hubadilika. Kwenye Windows, ikiwa diski imo katika D, andika:

certutil -hashfile D:\harusi.mpg SHA256

Faida yake ni kwamba diski mbili hazihitaji kuwa pahala pamoja. Ndugu aliyeko London hupiga hesabu ya diski yake, wewe ya kwako, mkasomeana alama kwa simu. Linganisheni faili moja moja, maana alama ya diski nzima inaweza kutofautiana kwa sababu ya nafasi tupu iliyoachwa mwishoni wakati wa kuchoma.

Sidii za muziki

Sidii ya muziki haina faili za kawaida. Mashine za kusomea hupishana kidogo mahali zinapoanzia, na penye mkwaruzo hukisia sauti iliyopotea. Kwa hivyo nakala mbili za kweli zinaweza kutoa alama tofauti. Tumia programu inayosahihisha tofauti hiyo ya mwanzo, na uisome kila diski mara mbili kwa mashine ile ile. Diski moja ikitoa alama mbili, usomaji wake una kasoro: ifute vumbi, au jaribu mashine nyingine.

Tahadhari

Sawasawa si lazima iwe nzima. Asili iliyoharibika hutoa nakala iliyoharibika, na alama zikakubaliana. Kwa hivyo sikiliza rekodi mpaka mwisho, andika alama kwenye karatasi uiweke pamoja na diski, na uzihakiki tena kila mwaka. Asili usiitupe, kwani huenda siku moja ikapatikana mashine itakayoisoma vizuri zaidi.