Malkia aliyeachwa nje ya Narnia

Kitabu cha saba na cha mwisho cha hadithi za Narnia, The Last Battle, kilitoka mwaka 1956 na kumpatia C. S. Lewis nishani ya Carnegie, tuzo yenye heshima kubwa Uingereza katika vitabu vya watoto. Waamuzi waliridhika. Wasomaji wengi hawajaridhika hadi leo, na sababu yao ni Susan, dada wa Peter, Edmund na Lucy na malkia wa zamani wa Narnia, nchi ya kubuniwa ya Lewis. Katika kitabu hicho, treni inapata ajali. Peter, Edmund na Lucy wanafariki, wazazi wao pia, na ndugu hao watatu wanajikuta katika Narnia ya milele. Dada yao hayumo. Habari zake zinamalizwa katika mazungumzo mafupi: Peter anasema si rafiki wa Narnia tena, Jill anaongeza kwamba siku hizi hajali ila soksi za nailoni, rangi ya mdomo na mialiko, kisha Peter anageuza maneno na kuwakaribisha wenzake waonje matunda. Binti amefiwa na wazazi na ndugu zake wote kwa siku moja, na kitabu hakisemi lolote kuhusu msiba wake.

Mwaka 1998 mwandishi Philip Pullman alilishambulia jambo hili katika gazeti la Guardian, akidai Susan anaadhibiwa kwa kukua na kuwa mwanamke. J. K. Rowling naye alitoa lawama kama hiyo katika jarida la Time mwaka 2005. Watetezi wa Lewis hujibu kwamba rangi ya mdomo si kosa lake; kosa ni kuikana Narnia na kuiita michezo ya utotoni. Hilo ni kweli, limeandikwa wazi. Lakini Edmund aliwasaliti ndugu zake kwa tamaa ya vitu vitamu alivyolishwa na Mchawi Mweupe, na simba Aslan akakubali kuuawa badala yake. Emeth, askari wa Calormen, nchi adui wa Narnia, alimwabudu mungu wao Tash tangu utotoni, naye anapokewa kwa mikono miwili katika kitabu hikihiki cha mwisho. Msomaji anayemlilia Susan haleti sheria ngeni. Anadai rehema ileile ambayo Lewis mwenyewe alimzoesha kwa vitabu sita.

Wapo wasemao kwamba hadithi ni mali ya mtunzi, na msomaji hana haki ya kumpangia mwisho. Lewis hakuona hivyo. Mwaka 1957 alimjibu mtoto mmoja kwa barua kwamba Susan yu hai na ana muda wa kutosha wa kujirekebisha. Mwaka 1960 alimweleza msomaji mwingine kwamba safari ya Susan ingehitaji kitabu kirefu, cha watu wazima zaidi kuliko alivyotaka kuandika, akamhimiza aijaribu mwenyewe. Ni majibu ya mtu muungwana, ila yalikaa katika barua za watu binafsi. Lewis alifariki mwaka 1963, na mkusanyo wa barua zake kwa watoto haukuchapishwa hadi 1985. Kwa karibu miaka 30 mtoto aliyefika ukurasa wa mwisho hakuwa na faraja hiyo. Kwa maoni yangu, aliyeupokea mwaliko ule wa Lewis kwa uzito unaostahili ni mwandishi Neil Gaiman, katika hadithi fupi ya mwaka 2004 kuhusu profesa mzee anayefanana mno na Susan. Gaiman anaeleza jambo ambalo Lewis aliliruka: baada ya ajali ya treni, lazima mtu aliyebaki hai aitwe kuitambua miili.