Mtoto Huntha: Upasuaji Usiharakishwe

Leo tuzungumze juu ya mtoto anayezaliwa sehemu zake za siri hazionyeshi wazi kama ni msichana au mvulana. Huitwa huntha. Hutokea kwa mtoto 1 hivi kati ya 4,500. Si laana, wala si kosa la mama.

Zamani madaktari walifanya nini? Miaka ya 1950, katika hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, John Money na wenzake walifundisha kwamba mtoto huyu apasuliwe mapema, kisha alelewe kwa jinsia iliyochaguliwa. Mafundisho hayo yalienea duniani. Baadhi ya waliopasuliwa walipokuwa watu wazima walilalamikia makovu, maumivu, kukosa uzazi, na kupewa jinsia isiyo yao. Mwaka 2006 wataalamu wa nchi mbalimbali walishauri tahadhari zaidi.

Hapa Kenya, mwaka 2009 mtoto alizaliwa katika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Kwenye karatasi zake, mahali pa jinsia, iliandikwa alama ya kuuliza. Mama yake alikwenda mahakamani. Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola aliitaka serikali ieleze ina sheria na miongozo gani kuhusu watoto hawa na upasuaji wao. Sensa ya 2019 iliwahesabu huntha kwa mara ya kwanza, wakawa 1,524. Kisha Sheria ya Watoto ya 2022 ikakataza kubadilisha au kuondoa kiungo cha mtoto huntha bila ushauri wa daktari wa jenetiki.

Mama wa Migwani, ukijifungua mtoto wa namna hii, hata kama ni nyumbani, usimfiche. Mpeleke hospitali achunguzwe. Akitapika, akilegea, akikataa kunyonya au asipokojoa, mpeleke siku hiyo hiyo, kwani baadhi yao hupoteza chumvi mwilini na wanaweza kufa.

Ukiambiwa apasuliwe, uliza: Je, ni kuokoa maisha, au ni kurekebisha umbo tu? Je, akingoja ataumia? Daktari wa jenetiki amesema nini?

Kama hawezi kukojoa, upasuaji haungoji. Ule wa umbo unaweza kungoja hadi mtoto aweze kujisemea. Haraka haraka haina baraka, na kiungo kilichokatwa hakirudi.