Walivyorithishana Kazi Gombe

Aprili 1957 msichana wa Kiingereza, Jane Goodall, alishuka melini Mombasa akaelekea Kenya bara kumtembelea rafiki yake wa shule. Alikuwa na miaka 23. Chuo kikuu hakukigusa. Alisomea ukatibu muhtasi, na nauli ya safari aliidunduliza kwa kuhudumu mezani. Tangu utotoni alitamani kuishi Afrika karibu na wanyama, na haukupita muda mrefu akashauriwa aende kumwona Louis Leakey.

Leakey alizaliwa Kabete mwaka 1903, mtoto wa wamisionari, na Kikikuyu alikijua tangu utoto. Wakati huo alikuwa mkuu wa Makumbusho ya Coryndon, Nairobi, na katibu wake alikuwa ameacha kazi. Alimtembeza mgeni wake ndani ya makumbusho huku akimsaili juu ya kila walichopita. Majibu yalimridhisha, akampa kazi.

Mwaka huohuo Leakey na mkewe Mary walimchukua Jane hadi Olduvai, Tanganyika, kuchimbua mabaki ya kale. Kazi ilikuwa kuchokoa udongo taratibu, juani, kutwa nzima, na aghalabu bila kupata kitu. Pale ndipo Leakey alipompima. Alipomwona havunjiki moyo, akaanza kumsimulia habari za sokwe wanaoishi misituni kando ya Ziwa Tanganyika. Aliamini kwamba mwenendo wao ungeweza kutufunulia maisha ya wanadamu wa kale, na alitaka mtu wa kwenda kuwatazama kwa muda mrefu. Kukosa shahada hakukumtia wasiwasi. Alitaka macho ambayo hayajafundishwa mapema nini cha kuona.

Hata hivyo hakumtupa porini mikono mitupu. Jane alirudi London akajifunza kwa wataalamu wa nyani, huku Leakey akihangaika kutafuta fedha, ambazo hatimaye zilitoka kwa Leighton Wilkie, Mmarekani mwenye biashara ya zana. Serikali ya kikoloni ilipokataa binti akae msituni peke yake, mama yake, Vanne, alikubali kufuatana naye. Tarehe 14 Julai 1960 mashua iliwashusha Gombe, kaskazini mwa Kigoma.

Hapo akakutana na walimu wengine ambao vitabu huwataja kwa haraka. Askari wa wanyamapori aitwaye Adolf na mwenyeji Rashidi Kikwale walipanda naye milima ya Gombe. Rashidi aliyajua mabonde yale vizuri, na mengi ya msituni Jane alijifunza kwake. Mwajiriwa alimfundisha aliyemwajiri, na Jane alikubali kufundishwa.

Miezi ya kwanza ilikuwa migumu. Malaria iliwalaza yeye na mama yake, na sokwe walitoroka kila walipomwona. Fedha zilikuwa za miezi michache tu. Kisha, Novemba, akamwona dume aliyempa jina la David Greybeard amechutama kwenye kichuguu. Alichomeka unyasi tunduni, akangoja, akauchomoa polepole ukiwa umejaa mchwa walioung'ang'ania, akawaokota kwa midomo. Baadaye Jane aliona sokwe wakipukutisha majani ya kijiti kwanza ndipo wakitumie. Hiyo ilikuwa kutengeneza zana, jambo ambalo wataalamu walilihesabu kuwa la binadamu peke yake.

Leakey alipopata habari alifurahi mno. Lakini hakuhamia Gombe, wala hakuichukua kazi ile akaiita yake. Aliutumia ugunduzi huo kumtafutia Jane fedha zaidi kutoka shirika la National Geographic la Marekani, kisha akamfungulia mlango wa Chuo Kikuu cha Cambridge asomee udaktari wa falsafa bila shahada ya kwanza, nafasi ambayo watu wachache sana waliwahi kuipata.

Huko Cambridge alikabidhiwa kwa msimamizi wake, Robert Hinde. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Hinde hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Alihoji majina aliyowapa sokwe, akahoji sentensi zilizowapa hisia, akamrudishia kurasa azisahihishe. Jane hakuacha alichoamini, ila alijifunza kukiandika kwa namna ambayo mpinzani angeshindwa kukipangua. Mwaka 1966 alipata udaktari wake.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikawa zamu yake kulea. Watanzania, ambao mwanzoni waliajiriwa kuongoza njia, kupika na kubeba mizigo, walianza kufundishwa kumfuata sokwe mmoja kutwa na kuandika alichokula, alikopita na aliokutana nao. Wengi wao daftari zao walizijaza kwa Kiswahili. Januari 1974, Hilali Matama alishuhudia sokwe wa kundi la Kasakela wakimvamia Godi, dume wa kundi jirani la Kahama. Shambulio la namna hiyo lilikuwa halijaandikwa na mtafiti yeyote.

Mtihani ulikuja Mei 1975. Waasi kutoka ng'ambo ya ziwa, nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, walivamia kambi usiku wakateka vijana wanne wa kigeni. Baadaye wote waliachiliwa, lakini wanafunzi wa nje waliokuwa wakitafiti pale waliondoka, na Goodall mwenyewe hakuweza tena kukaa Gombe kama zamani. Kazi ingeweza kufa pale. Hilali na wenzake waliamka asubuhi, wakachukua daftari, wakawafuata sokwe. Utafiti wa Gombe, ambao sasa umevuka miaka 60, haukukatika kwa sababu yao, na majina yao yanastahili kutajwa sambamba na ya Leakey na Goodall.

Wakuu wetu wa ofisi na karakana hupenda kusema wanalea vijana. Gombe inatupa kipimo cha haki. Leakey alimpima Jane kwa kazi kabla ya kumwamini, akamtafutia nyenzo, akamwachia sifa zake. Hinde alimkosoa bila kumvunja. Jane naye aliwakabidhi Watanzania kalamu na daftari, na waliposalia wenyewe, kazi iliendelea. Kiongozi ambaye kazi husimama kila anapokwenda likizo bado hajamlea mtu.