Amefungwa Kisii kwa Bangi? Hesabu Siku 14

Juzi alinijia mama mmoja jirani yangu, akijua niliwahi kuwa karani wa wakili. Mwanawe, utingo wa lori, amehukumiwa Kisii kwa kula njama ya kusafirisha bangi. "Mwanangu, nianzie wapi?" Siku tisa zilikuwa zimekwisha kupita. Nilimweleza haya, nami nayaandika maana yaweza kumfika yeyote kati yetu.

Rufaa ni haki. Imo katika Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010. Lakini sheria ya kesi za jinai yatoa siku 14 tu tangu siku ya adhabu. Ukichelewa, Mahakama Kuu yaweza kukuongezea muda ukiwa na sababu nzuri, kama kukosa nakala ya hukumu.

Rufaa hiyo haiji Mombasa. Hukumu ya hakimu wa Kisii au Ogembo huenda Mahakama Kuu ya Kisii. Ya hakimu wa Nyamira, Mahakama Kuu ya Nyamira. Aliye gerezani aweza kumkabidhi mkuu wa gereza hati yake ya rufaa, naye huifikisha mahakamani.

Tazama kwanza alijibu nini aliposomewa shtaka. Ikiwa alikiri, kwa kawaida atapinga adhabu pekee, isipokuwa aonyeshe kwamba hakulielewa shtaka, labda kwa kusomewa kwa lugha asiyoijua. Ikiwa alikana, jaji ni lazima aupime upya ushahidi wote. Ndivyo ilivyoamuliwa katika kesi ya Okeno ya 1972. Hapo ndipo pa kuuliza: bangi ilipimwa uzani mbele yake? Ripoti ya mkemia wa serikali ni ya mzigo ule ule? Na njama ni makubaliano. Kuwa ndani ya lori peke yake hakuonyeshi kwamba alikubaliana na mwenye mzigo.

Jueni pia kwamba jaji aweza kupunguza adhabu, na aweza kuiongeza. Akingoja rufaa, mfungwa anaruhusiwa kuomba dhamana, ingawa si rahisi kuipata. Akishindwa, imebaki Mahakama ya Rufaa, ambayo husikiza hoja za kisheria tu. Kulalamika kwamba adhabu ni kali hakutoshi huko.

Mama yule alipanda basi usiku ule ule. Hati iliingia mahakamani siku ya 13.