Kisima cha Yakutsk: hesabu yako inashuka mita ngapi?

Wandugu, siku ya kutetea memwari yangu juu ya mmomonyoko wa udongo, profesa mmoja aliniuliza ulizo moja tu: "Hesabu yako inashuka mita ngapi chini?" Nilikosa la kujibu. Kisha, mu kutafuta jibu, njo nilikutana na historia ya Fedor Shergin.

Shergin alikuwa mkubwa wa kompani ya biashara kule Yakutsk, Siberia ya Urusi. Mu 1828 alianzisha kuchimba kisima, juu alikuwa anatafuta maji. Mita kumi, udongo umeganda. Mita makumi tano, vilevile. Mu 1837 wakafika mita 116, bado umeganda. Akaacha.

Ile hasara ikageuka masomo. Mu 1844 mtaalamu Alexander von Middendorff alipima baridi mu kile kisima. Hata chini kabisa ilikuwa chini ya sifuri. Udongo wa namna ile, wenye kubaki umeganda mwaka na mwaka, leo unaitwa pamafrosti.

Turuke mpaka 2005. David Lawrence na Andrew Slater, mu Marekani, waliuliza ordinatere: dunia ikizidi kupata joto, pamafrosti itakuwa namna gani? Jibu likatisha: mbele ya 2100, ile ya karibu na juu inaweza kupotea karibu yote.

Lakini wataalamu wengine wakaleta ulizo la profesa wangu. Hesabu ile ilishuka karibu mita 3 na nusu tu! Baridi ya chini, ile Shergin alichimba miaka tisa bila kuimaliza, haikuingia mu hesabu. Na ile baridi njo inachelewesha kuyeyuka. Lawrence hakukasirika; mu 2008 yeye na wenzake wakatoa hesabu yenye udongo mrefu zaidi. Kuyeyuka kukaenda polepole, lakini hatari ikabaki.

Tusilale basi. Udongo wa kule unafunga kaboni karibu mara mbili ya ile iko mu hewa yote. Tena kuna kosa la upande mwingine: pale barafu ni nyingi, udongo unabomoka kwa ghafula, na hesabu nyingi bado hazioni ile.

Basi wewe mwenye kuandika memwari mwaka huu, jiulize mbele profesa hajakuuliza.