Kujenga Timu Katika Kikao Kazi cha Nje ya Ofisi

Kujenga timu ni shughuli zinazopangwa kwa makusudi ili watu wanaofanya kazi pamoja waelewane, wajue nani anawajibika kwa lipi, na waondoe yanayowakwamisha. Mara nyingi hufanyika katika kikao kazi cha siku mbili au tatu mbali na ofisi. Makampuni ya Nairobi hupenda Naivasha, yapata kilomita 90 kutoka jijini. Ya Dar es Salaam huelekea Bagamoyo au Morogoro. Mafanikio ya kikao cha namna hii huamuliwa zaidi na maandalizi ya wiki zinazotangulia safari kuliko na uzuri wa hoteli.

Shughuli hizi zina chimbuko zaidi ya moja. Kati ya 1924 na 1932, katika kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, Marekani, yalifanyika majaribio ambayo Elton Mayo na wenzake waliyaeleza kuwa ushahidi wa nguvu ya uhusiano wa watu kazini, ingawa maelezo hayo yamepingwa na wengi baadaye. Michezo ya kamba, milima na mitumbwi imetokana zaidi na Outward Bound, shule iliyoanzishwa mwaka 1941 huko Aberdovey, Wales, kwa juhudi za mwalimu Kurt Hahn, ambako vijana wa ubaharia walifunzwa ustahimilivu. Afrika Mashariki iliipokea mapema: katika miaka ya 1950 shule ya Outward Bound ilikuwa Loitokitok, Kenya, na wanafunzi wake waliupanda Kilimanjaro.

Je, inasaidia? Mwaka 1999 Eduardo Salas na wenzake waliunganisha matokeo ya tafiti mbalimbali, wasione kwamba kujenga timu kwa jumla kunaongeza ufanisi. Kilichoonyesha faida ni kufafanua majukumu. Uchambuzi mpana zaidi wa Cameron Klein na wenzake, mwaka 2009, ulileta habari njema zaidi: faida ipo, na huonekana hasa pale timu inapoweka malengo na kufafanua majukumu. Kwa hiyo kuvuta kamba na mbio za magunia zina nafasi yake, ya kuchangamsha watu na kuwakutanisha wasiozungumza ofisini. Zikimeza ratiba nzima, fedha imepotea.

Mpangaji huanza kwa kuwauliza wafanyakazi, mmoja mmoja na kwa faragha, ni nini kinachochelewesha kazi. Majibu huwa mahususi kuliko wakubwa wanavyotazamia: ankara hukaa mezani kwa mhasibu kwa sababu idara ya mauzo haileti stakabadhi, au watu wawili wanadhani kila mmoja wao ndiye msemaji kwa mteja yuleyule. Hapo ndipo lengo la kikao hupatikana. Ni muhimu pia kujua timu imefika wapi. Bruce Tuckman alieleza mwaka 1965 kwamba vikundi hupitia kukusanyika, kuvutana, kukubaliana taratibu, kisha kutenda. Timu iliyo katika kuvutana inahitaji mazungumzo yenye msuluhishi, na mashindano yanaweza kuichochea zaidi.

Jambo gumu kuliko yote ni cheo. Mahali ambapo kumsahihisha mkubwa hadharani huhesabiwa utovu wa adabu, mkurugenzi akifungua mjadala kwa maoni yake, mjadala umekwisha. Utafiti wa Amy Edmondson wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba timu hujifunza pale wanachama wanapoamini hawataadhibiwa kwa kusema kosa au kuuliza. Heshima na ukweli vinaweza kukaa pamoja: mkurugenzi azungumze mwisho, hoja ziandikwe kwenye karatasi zisizo na majina, na mwezeshaji atoke nje ya kampuni.

Orodha ya waalikwa nayo huzungumza. Dereva, mhudumu na mlinzi wakiachwa nyuma, wamekwisha kuambiwa kwamba wao si timu. Tarehe iangaliwe dhidi ya Ramadhani na mitihani ya watoto, chakula kiwafae wote, mama anayenyonyesha apate chumba, na kila mchezo uwe na nafasi ya mwenye ulemavu bila kumfanya mtazamaji. Penye bwawa au bahari awepo mwokoaji, na pombe isitangulie kuogelea.

Gharama huibua malalamiko, hasa kwa fedha za umma. Tangu mwishoni mwa 2015 serikali ya Rais John Magufuli nchini Tanzania ilibana semina za hotelini na kutaka kumbi za serikali zitumike. Ukumbi wa taasisi jirani, kwa siku moja, unatosha ikiwa maswali ni ya kweli.

Saa mbili za mwisho zitengwe kwa maazimio, kila moja likiwa na jina la mhusika na tarehe. Yasomwe tena kwenye kikao cha kawaida cha ofisi baada ya mwezi, na tena baada ya miezi mitatu, mbele ya watu walewale, na mkurugenzi awe wa kwanza kueleza alipofikia lake.