GREGORY, Dick (1932–2017)

Dick Gregory (jina kamili Richard Claxton Gregory, alizaliwa St. Louis, Missouri, 12 Oktoba 1932, akafariki Washington, D.C., 19 Agosti 2017) alikuwa mchekeshaji wa Marekani na mpigania haki za kiraia. Alijipatia jina na fedha katika vilabu vya Wazungu mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha akavitumia vyote viwili, bila kubakiza akiba, katika mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi.

Maisha ya awali

Baba yake, Presley, aliitelekeza familia. Mama yake, Lucille, aliwalea watoto 6 kwa kazi za ndani katika nyumba za Wazungu na kwa posho ya serikali. Katika shule ya Sumner, Gregory alikuwa mkimbiaji hodari, na miguu yake ndiyo iliyomfikisha Chuo Kikuu cha Southern Illinois, Carbondale. Aliitwa jeshini mwaka 1954 na huko akaanza kuchekesha mbele ya askari wenzake. Hakumaliza shahada.

Jukwaani

Alipohamia Chicago alifanya kazi posta mchana, na usiku alichekesha katika vilabu vidogo vya Weusi kwa ujira wa kubangaiza. Alijaribu kuendesha kilabu chake, Apex, kikamwachia madeni.

Bahati yake ilikuja Januari 1961, alipoitwa kuziba nafasi ya mchekeshaji Irwin Corey katika Playboy Club ya Chicago. Ukumbini walikuwamo wafanyabiashara wa vyakula vilivyogandishwa, Wazungu kutoka majimbo ya Kusini. Uongozi ulihofia fujo, ukataka kumlipa ujira wake aende zake. Gregory alikataa, akapanda jukwaani. Waliokuja na zomeazomea waliishia kumpigia makofi, na Hugh Hefner, mmiliki wa kilabu, akampa mkataba wa wiki 3 ambao baadaye ulirefushwa.

Kilichowashangaza watazamaji ni namna yake. Wakati ule mchekeshaji Mweusi aliyefika mbele ya Wazungu alitarajiwa kucheza, kuimba au kujifanya bwege. Gregory alivaa suti nadhifu, akakaa juu ya stuli na sigara mkononi, akazungumza taratibu kuhusu habari za gazeti la siku hiyo. Alianza kwa kujicheka mwenyewe hadi hadhira itulie, ndipo akaugeukia ubaguzi. Hakuwaomba Wazungu huruma, na hakuwapa nafasi ya kujiona wakarimu.

Mwaka huohuo alialikwa katika kipindi cha televisheni cha Jack Paar. Alikataa mwaliko. Wasanii Weusi walikuwa wakifanya onyesho lao katika kipindi kile na kuondoka, bila kukaribishwa kwenye kochi kuzungumza na mwenyeji kama wenzao Wazungu. Paar alimpigia simu mwenyewe na kukubali sharti la kochi. Baada ya hapo malipo yake ya wiki yalipanda hadi maelfu ya dola. Tawasifu yake ya 1964, aliyoiandika pamoja na Robert Lipsyte na kuipa makusudi jina la tusi wanalotukanwa Weusi, iliuza zaidi ya nakala milioni 1.

Mississippi, Alabama na Chicago

Kusini alivutwa na Medgar Evers, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, katika jimbo la Mississippi. Huko, katika wilaya ya Leflore, viongozi Wazungu walikuwa wamesimamisha mgao wa chakula cha serikali kuu ili kuwakomoa Weusi waliothubutu kujiandikisha kupiga kura. Njaa ikageuzwa silaha. Februari 1963 Gregory alipeleka Greenwood, mji wa wilaya hiyo, zaidi ya tani 6 za chakula kwa ndege ya kukodi, na Aprili akarudi kuandamana na wananchi, ana kwa ana na polisi. Mwezi Mei alifungwa Birmingham, Alabama, akapigwa akiwa jela. Juni Evers aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake.

Mwaka 1964 Gregory alitangaza zawadi ya dola 25,000 kwa atakayefichua waliko vijana wapigania haki za kiraia Chaney, Goodman na Schwerner, waliotoweka Mississippi. Agosti 1965, akijaribu kutuliza ghasia za Watts, Los Angeles, alipigwa risasi mguuni.

Huko Chicago aliongoza maandamano ya kupinga ubaguzi katika shule hadi mtaani kwa meya Richard Daley. Wakazi Wazungu waliwarushia waandamanaji mawe na mayai. Polisi wakawakamata waandamanaji. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1969 ilifuta hukumu zao. Shauri la Gregory dhidi ya Jiji la Chicago lingali likitajwa katika vitabu vya sheria.

Gharama ilikuwa kubwa. Maonyesho yalifutwa kila alipokuwa jela, na shirika la upelelezi FBI lilimfuatilia. Waraka wa 1968 wa mkurugenzi wake, J. Edgar Hoover, ulipendekeza mafia wajulishwe maneno makali aliyowahi kuyasema dhidi yao.

Siasa

Aligombea umeya wa Chicago mwaka 1967 na urais mwaka 1968; katika uchaguzi huo wa urais alipata kura zaidi ya 47,000. Vipeperushi vyake vilifanana na noti ya dola 1, na serikali ikavikamata.

Kufunga na lishe

Alifunga kupinga vita vya Vietnam, na alifunga tena katika jela ya Olympia mwaka 1968, alikowekwa kwa kuvua samaki pamoja na Wahindi Wekundu waliodai haki zao za uvuvi. Pia alifikia kula mboga na matunda tu. Mwaka 1973 aliacha vilabu vya usiku kwa sababu ya moshi na pombe, na mwaka 1976 alikimbia kutoka Los Angeles hadi New York kukumbusha taifa kuhusu njaa. Mwaka 1980 alikwenda Iran kufunga kwa ajili ya mateka wa Kimarekani. Biashara yake ya unga wa kupunguza uzito ilivuma, kisha ikafifia.

Pia aliandika na Mark Lane kitabu kuhusu kuuawa kwa Martin Luther King (1977). Nadharia zake za baadaye kuhusu njama mbalimbali hazina uzito wa kazi yake ya 1963.

Familia

Alimwoa Lillian Smith mwaka 1959, wakapata watoto 11. Mmoja alifariki akiwa mchanga. Lillian naye alikamatwa Selma mwaka 1963.

Urithi

Wachekeshaji kama Richard Pryor walipita katika mlango alioufungua. Alipewa nyota Hollywood mwaka 2015, na filamu ya maisha yake ilitoka mwaka 2021. Alikuwa bado anapanda jukwaani akiwa na umri wa miaka 84.